Ghadhabu, simanzi na moyo uliovunjika

SWALI: Ninasoma kidato cha tatu hapa Mboghoni, Taveta. Katika zoezi la tafsiri niliandika kwamba furious ni "mwenye hasira" na heartbroken ni "aliyevunjika moyo". Yote mawili yalikosolewa. Kwa nini?

JIBU: Mwanangu, la kwanza ni kosa dogo. Hasira ni jina la jumla. Aliyekanyagiwa mguu kwenye matatu ana hasira; aliyeamka akakuta ndovu wameangusha migomba yake yote ana ghadhabu, na huko ndiko neno furious liliko. Andika "ameghadhabika". Katika hadithi mimi ningependelea "amefura kwa hasira", maana msomaji anamwona mtu mwenyewe. Hamaki iache kando: hiyo hulipuka ghafla.

La pili ni mtego, na wengi hunaswa, hata waandishi wa magazeti. Kuvunjika moyo kwa Kiswahili ni kukata tamaa. Mkulima anayepata bei mbovu ya ndizi soko la Taveta msimu baada ya msimu huvunjika moyo, akaacha kulima. Hajafiwa wala hajaachwa na mtu. Heartbroken ni mtu aliyejaa majonzi au simanzi, na huzuni ikizidi mno tunaiita jitimai. Akiwa ameachwa na mchumba, "ameumia moyo" yatosha.

Mwalimu wako hakukuonea. Rudia zoezi lako, na kabla ya kuchagua neno soma kifungu kizima ujue ni jambo gani limempata mhusika.