Istilahi "Kipaimara" na Ibada ya Kiepiskopali

Makala hii inachunguza istilahi "kipaimara" kwa kuilinganisha na ibada ya Kanisa la Episkopali la Marekani. Kimofolojia, neno hili limeundwa kwa ki-, kitenzi -pa na kivumishi imara. Yaani, kitu kitiacho uimara. Kitabu cha Sala cha Kanisa hilo cha 1979 hutambua sakramenti kuu mbili, Ubatizo na Ekaristi, na kukihesabu kipaimara miongoni mwa ibada nyingine tano za kisakramenti. Parokiani, mbatizwa hukiri upya imani yake mbele ya askofu, ndipo askofu humwekea mikono akimwombea nguvu ya Roho Mtakatifu. Istilahi yetu, basi, hutaja anachopewa mwumini na kunyamazia anachoahidi. Mfasiri hana budi kuyadhihirisha yote mawili.