Pikipiki Kuukuu na Vumbi la Kolwezi

Kolwezi ni mji wa shaba. Umejengwa juu ya uwanda, mita zaidi ya 1,400 kutoka usawa wa bahari, na udongo wake ni mwekundu. Wakati wa kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, malori ya madini hupita na kuacha vumbi jembamba kama unga. Vumbi hilo hukaa juu ya majani, juu ya nguo zilizoanikwa, na ndani ya pikipiki.

Watu wengi wa mji huo husafiri kwa pikipiki ndogo. Dereva mmoja huweza kulisha jamaa nzima kwa pikipiki moja, na mara nyingi pikipiki yenyewe ni kuukuu. Siku inapokufa, nyumbani hakuna unga wa bukari.

Mama wa pikipiki nyingi za namna hiyo ni Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976. Wahandisi wa Japani waliitengeneza kwa ajili ya nchi zenye njia mbaya na mafundi wachache. Katika injini nyingine, vali huendeshwa kwa mnyororo mdogo. Wao waliuacha, wakatia vijiti vya chuma visivyohitaji kutunzwa sana. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo.

Silinda yake ina nafasi ya sentimita za ujazo 124, nayo haijazi kikombe cha chai. Lakini injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, silinda huvuta hewa mara 3,000. Zidisheni. Hewa hiyo yaweza kufika lita 372 kwa dakika moja, karibu mapipa mawili makubwa! Yote hupita katika chujio, ambalo katika pikipiki nyingi ni kipande cha sponji tu. Sponji ikichanika, vumbi huingia ndani, huchanganyika na mafuta, na kuwa kama msasa. Hapo kila pistoni ipandapo na kushukapo husugua silinda.

Kijana mmoja dereva alipeleka pikipiki yake kwa fundi mzee. Ilikuwa ikitoa moshi wa buluu, wala haikuweza kupanda mlima na abiria.

“Baba Fundi,” akasema, “nitilie pistoni kubwa, ipate nguvu kama zile za 150.”

Fundi hakujibu. Alifungua kasha la chujio: tupu. Mwenye pikipiki wa kwanza aliitoa sponji ili injini “ipumue vizuri.” Wako wengi wafanyao hivyo, na wote hulipa baadaye.

Kisha fundi akachukua chaki, akaandika ukutani. Upana wa silinda ni milimeta 56.5, na mwendo wa pistoni ni milimeta 49.5. Silinda ikilika, huchongwa upya, ikatiwa pistoni iliyozidi kwa robo ya milimeta, au nusu. Kwa nusu milimeta, ujazo hutoka 124 na kufika 126 tu.

“Umeona, mwanangu? Pistoni hii itaondoa moshi na kukurudishia nguvu ya zamani. Haitakupa nyingine.”

Fedha za kijana zilitosha pistoni, kuchonga silinda, na kitu kimoja zaidi. Yeye alitaka taa kali, maana abiria huziona. Fundi akafungua gurudumu la mbele, akamwonyesha vipande vya breki: vimelika mpaka karibu na chuma. Kijana alinyamaza kitambo. Nyuma yake hupanda mama mwenye mtoto mgongoni, na mbele yake hupita malori. Akanunua breki, na sponji ya bei ndogo.

Sponji haifuliwi kwa petroli, kwani moto ni karibu. Huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa mafuta ya injini kidogo, kisha hukamuliwa. Kiangazi, dereva wa Kolwezi afanye hivyo kila juma. Mafuta ya injini yabadilishwe kila kilometa 1,000, hata kama bado yaonekana mazuri. Mnyororo wa nyuma ulegee sentimita 2 hivi; ukikazwa sana, hukatika upesi. Nafasi ya vali hupimwa injini ikiwa baridi: ni nyembamba kama karatasi ya daftari.

Jambo moja ni la nchi ya juu hasa. Hewa ya Kolwezi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopimwa pwani huweza kutoa petroli nyingi mno huko, na plagi, ambayo mafundi huiita buji, ikawa nyeusi kwa masizi. Dawa yake ni tundu la petroli lililo dogo kidogo.

Kuhusu taa, CG125 za kwanza zilitumia umeme wa volti 6, na za baadaye volti 12. Betri ya volti 12 peke yake haisaidii: jenereta ya zamani haiwezi kuijaza, na balbu za volti 6 zitaungua. Lazima vibadilishwe vyote pamoja. Kijana aliambiwa aweke akiba mpaka mvua za Novemba; kwa sasa arudi nyumbani kabla ya giza.

Zoezi: Tafuteni ujazo wa silinda hiyo ikiwa upana wake ni milimeta 57.5.