Kupima Tungamo la Nyutrino kwa Mizani ya Ulimwengu

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji ya umeme, ambayo hupenya dunia nzima kama mwanga upenyavyo kioo. Wolfgang Pauli aliibashiri mwaka 1930, na Reines na Cowan wakaithibitisha mwaka 1956. Hata hivyo, maswali mawili yalibaki: nyutrino ina tungamo kiasi gani? Na je, hudumu daima, au huvunjika baada ya muda? Maswali haya yanachunguzwa maabarani, lakini pia angani.

Mlipuko Mkuu uliacha takriban nyutrino 336 katika kila sentimita ya ujazo ya anga. Kwa wingi huo, hata tungamo dogo sana la kila moja hujumlika kuwa kubwa. Mwaka 1966 Gershtein na Zel'dovich walitoa hoja hii: kama nyutrino zingalikuwa nzito mno, mvutano wao ungalipunguza mno mwendo wa kutanuka kwa ulimwengu, na umri wake ungalikuwa mfupi kuliko tuujuavyo. Maabara za wakati huo ziliweza kusema tu kwamba nyutrino ya muoni haizidi elektronivolti 2,500,000. Wao waliteremsha kikomo hadi 400. Kwa kulinganisha, tungamo la elektroni ni elektronivolti 511,000.

Leo tunatumia kipimo kizuri zaidi. Kwa kuwa zilikwenda kasi mno, nyutrino hazikukusanyika upesi kama maada nyingine, na hivyo zilizuia kidogo kuundwa kwa makundi ya galaksi. Mwaka 2018 watafiti wa setilaiti ya Planck walionyesha kwamba jumla ya matungamo ya aina zote tatu haizidi elektronivolti 0.12. Kwa upande mwingine, majaribio ya kubadilika kwa nyutrino kutoka aina moja hadi nyingine yanaonyesha kwamba jumla hiyo haipungui takriban 0.06. Nafasi iliyobaki ni finyu.

Lakini msomaji atambue sharti moja: mizani hii hudhani kwamba nyutrino za kale bado zipo. Kama zilikwisha kuvunjika zikawa chembe nyepesi zaidi, kikomo hicho hulegea.

Je, tunao ushahidi wa umri wake? Tarehe 23 Februari 1987 nyutrino za nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan zilinaswa Japani, Marekani na Urusi ya Kisovyeti, baada ya safari ya miaka ipatayo 160,000. Umri huo unaonekana mrefu, lakini saa ya chembe iendayo karibu na kasi ya mwanga huenda polepole sana. Kwa nyutrino yenye tungamo la elektronivolti 0.1 na nishati ya elektronivolti milioni 10, safari nzima ni takriban saa 14 tu kwa saa yake yenyewe!

Ndiyo maana maabara bado inahitajika. Jaribio la KATRIN, huko Karlsruhe, Ujerumani, halitegemei umri wa nyutrino. Mwaka 2025 lilitangaza kikomo cha elektronivolti 0.45. Iwapo siku moja maabara itapata tungamo kubwa kuliko anga inavyoruhusu, itatubidi kukubali mojawapo ya mambo mawili: ama nyutrino huvunjika, ama historia ya ulimwengu tuliyoiandika ina kasoro.