Chapati kavu ya Kihindi: Ipike kwa dakika 40 bila tone la mafuta

Iwapo kuna chakula kinachomfanya mtoto aache mchezo na kurudi nyumbani bila kuitwa, basi ni chapati. Harufu yake ikitoka jikoni, jirani hukumbuka ghafla kwamba alikuwa na neno la kukuambia. Ndicho chakula cha Krismasi, cha Idd, cha wageni na cha Jumapili.

Lakini huenda wewe, msomaji, ni miongoni mwa wale waliotoka kliniki majuzi wakiwa na karatasi mkononi na onyo masikioni: sukari imepanda, au shinikizo la damu halijatulia, au uzani umezidi. Daktari amesema upunguze mafuta, na kitu cha kwanza kilichokujia akilini ni ile sahani ya chapati. Je, sasa utakuwa ukiketi kando na bakuli lako la mboga huku wengine wakila? Au mama watoto apike sufuria mbili kila jioni, moja yako na nyingine ya watu wazima?

Hakuna haja ya kufika huko. Chapati yenyewe si adui, na ipo namna ya kuipika isiyohitaji mafuta hata kidogo, wala haichukui mchana mzima. Wiki hii tujifunze namna hiyo hatua kwa hatua.

Chapati ya sikukuu na chapati ya kila siku

Wafanyabiashara wa Kihindi walifika katika pwani yetu karne nyingi kabla ya ukoloni. Baadaye, reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Chakula chao kilikuja nao, na baada ya muda chapati ikawa yetu sote.

Hata hivyo, huko India kuna mikate bapa ya namna nyingi. Uliopikwa kwa mafuta, wenye matabaka yanayochambuka, huitwa paratha, na huu ndio unaofanana zaidi na chapati ya Kenya. Lakini mkate unaoliwa nyumbani siku baada ya siku ni mwingine. Wapunjabi huuita phulka na Wagujarati huuita rotli. Ni mdogo, mwembamba, umetengenezwa kwa unga usiokobolewa, na huokwa juu ya chuma kikavu kisha kwenye moto hadi ufure kama mpira. Wengine huupaka samli kidogo baada ya kuiva, lakini si lazima.

Kwa maneno mengine, sisi tulichukua chapati ya sikukuu tukaifanya ndiyo chapati pekee. Leo tunaichukua na ile ya kila siku.

Tofauti iko wapi?

Hebu tupige hesabu. Kila gramu ya mafuta huupa mwili kalori 9, ilhali gramu ya wanga hutoa 4 tu. Kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia kina kalori 40 hivi. Chapati moja ya kawaida, iliyotumia gramu 60 za unga na vijiko viwili vidogo vya mafuta, ina kalori zinazokaribia 300. Mtu akila tatu, ameshapata karibu kalori 900 kabla hajagusa mchuzi. Chapati kavu ndogo yenye gramu 30 za unga ina kalori 110 hivi.

Jambo la pili ni unga wenyewe. Unga mweupe ni wa punje iliyoondolewa pumba na kiini. Unga wa atta, ule wa rangi ya hudhurungi, una punje nzima au sehemu kubwa ya punje. Katika gramu 100 za unga wa ngano nzima mna nyuzinyuzi kama gramu 11, ilhali unga mweupe una gramu 3 hivi. Nyuzinyuzi hizo hulainisha choo, hushibisha mapema na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Unaponunua, soma maandishi ya pakiti, kwani si kila unga wa hudhurungi ni wa ngano nzima.

Unga mweupe nao haufai kudharauliwa kabisa. Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda waongeze vitamini na madini, yakiwemo ya chuma, katika unga wa ngano wa pakiti. Lakini nyuzinyuzi zilizoondolewa hazirudishwi.

Vifaa na viambato

Chapati 8 ndogo zinahitaji:

- Vikombe 2 vya unga wa atta (kama gramu 250), na konzi moja ya ziada ya kunyunyizia kibao.
- Robo tatu ya kikombe cha maji ya vuguvugu. Yaweke karibu na mengine kidogo ya akiba.
- Robo ya kijiko kidogo cha chumvi. Ukiagizwa usile chumvi, iache kabisa. Chapati haitaharibika.

Vifaa ni bakuli, kibao na kijiti cha kusukumia, kikaango bapa kizito cha chuma, koleo, na kitambaa safi cha pamba. Kama hujawahi kupikia atta, usianze nayo peke yake. Changanya kikombe kimoja cha atta na kimoja cha unga mweupe, kisha kila wiki uongeze atta kidogo. Watoto hawatagundua.

Hatua kwa hatua

Kwanza, kanda. Changanya unga na chumvi. Mimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya kwa vidole, wala usiyamwage yote mara moja. Unga ukishashikana, ukande kwa kiganja kwa dakika 6 hadi 8. Donge linalofaa ni laini kama ncha ya sikio. Likikwaruza kwa ukavu, lowesha mikono na uendelee. Atta hunywa maji zaidi ya unga mweupe, hivyo usishangae ikitaka nyongeza.

Pili, lipumzishe. Funika donge kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika 15. Usiiruke hatua hii kwa sababu ya haraka. Wakati huo pumba zinafyonza maji, na ile protini ya ngano inayonyumbuka kama mpira inalegea. Asiyelipumzisha donge atasukuma chapati nayo itajirudi kila mara. Tumia muda huo kukata na kuinjika mboga.

Tatu, gawanya na usukume. Kata madonge 8 yanayolingana na uyafunike. Chukua moja, liviringe, lichovye katika unga mkavu, kisha lisukume kutoka katikati kwenda nje huku ukiligeuza, hadi lipate upana wa sentimita 15 hivi. Usijali sana kama si duara kamili. La muhimu ni unene uwe sawa kila mahali na pasiwe na tundu. Kung'uta unga uliozidi, kwa maana ndio unaoungua kwenye chuma na kuleta moshi na uchungu.

Nne, choma. Pasha kikaango moto kwa dakika 2 au 3. Kinyunyizie tone la maji. Likicheza na kukauka papo hapo, chuma kiko tayari. Weka chapati. Baada ya sekunde 20 hadi 30 rangi itabadilika na vipele vidogo vitajitokeza. Igeuze. Upande huu wa pili uache kwa dakika moja hivi, upate madoadoa ya kahawia.

Tano, ifurishe. Mwenye jiko la gesi aishike chapati kwa koleo na kuiweka juu ya moto wenyewe, ule upande wa kwanza ukielekea chini. Katika sekunde chache itafura. Igeuze mara moja, kisha uiondoe. Mwenye jiko la makaa aweke wavu juu ya makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi. Lakini anayetumia stovu ya mafuta taa asiiweke kwenye moto huo, kwani itashika harufu na masizi. Yeye aiache juu ya kikaango, akunje kitambaa, na aibonyeze taratibu kingoni huku akiizungusha. Itafura hapo hapo.

Kwa nini hufura? Kila uso wa chapati hukauka kwanza na kuwa kama ngozi. Maji yaliyobaki katikati hugeuka mvuke, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,000 kuliko maji yaliyouzaa. Usipopata mwanya wa kutoka, unazitenganisha ngozi hizo mbili. Mvuke huo pia ndio unaoivisha chapati kwa ndani, na hivyo basi mafuta hayahitajiki.

Kila iliyoiva iweke ndani ya kitambaa safi kwenye chombo chenye kifuniko. Joto na unyevu wake wenyewe vitailainisha. Ukiziacha wazi kwenye sahani zitakauka, kisha utaulaumu unga bure.

Mambo yanayowakwamisha wengi

Chapati ngumu kama soli ya kiatu: donge lilikuwa kavu, au moto ulikuwa mdogo na chapati ikakaa juu ya chuma muda mrefu hadi maji yote yakaisha. Moto uwe wa wastani kuelekea mkali, na kazi iwe ya haraka.

Chapati isiyofura: ilitoboka, au ilisukumwa nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine. Ile kwanza. Hata isipofura, imeiva na inalika.

Chapati iliyoungua: madoa ya kahawia yanatosha. Palipogeuka makaa pakwangue.

Usalama jikoni

Usionje unga mbichi, wala usiwape watoto donge wachezee na kulamba. Ngano haipikwi kabla ya kusagwa, na vijidudu vya kuharisha vinaweza kuwamo. Osha mikono baada ya kukanda.

Ukipikia makaa, fungua dirisha na mlango. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu wengi waliolala na jiko ndani. Kazi ikiisha, jiko litoke nje.

Donge lililobaki lifunike na uliweke katika friji, kisha lipikwe kesho yake. Usiliache mezani usiku kucha. Atta nayo huharibika upesi kuliko unga mweupe kwa sababu ya mafuta yaliyo katika kiini cha ngano, kwa hiyo nunua kidogo kidogo na uiweke mahali pakavu penye baridi. Ikinuka uchachu au uvundo, itupe.

Ile namna gani?

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Kuondoa mafuta hakukupi ruhusa ya kula chapati sita. Ngano nzima bado ni wanga, na wanga hugeuka sukari katika damu. Nusu ya sahani iwe mboga kama sukuma wiki, mchicha au kabeji. Robo iwe ndengu, maharagwe, kamande, samaki au kuku. Na robo iliyobaki ndiyo ya chapati. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, chapati 2 ndogo zinaweza kutosha, lakini kiasi chako hasa kipange na daktari au mtaalamu wa lishe, maana dawa za watu hutofautiana. Usiache wala usipunguze dawa kwa sababu umebadilisha chapati.

Tena, usiokoe mafuta kwenye chapati halafu uyamwage kwenye mchuzi. Vivyo hivyo na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja, ukijumlisha ile ya mchuzi, ya mkate na ya vyakula vya pakiti.

Na chai je? Chapati na chai ni ndugu katika nyumba nyingi. Lakini chai huuzuia mwili kufyonza vizuri madini ya chuma yaliyo katika nafaka na mboga. Akina mama wajawazito na watu wenye upungufu wa damu wangoje kama saa moja baada ya kula ndipo wanywe chai, na badala yake wale chapati kwa kachumbari ya nyanya au wamalizie kwa chungwa. Vitamini C iliyomo humsaidia mlaji kufaidi madini hayo.

Wapo wasiofaa kula chapati ya aina yoyote ya ngano, nao ni wale ambao daktari amethibitisha kwamba protini ya ngano hudhuru utumbo wao. Wenye maradhi ya figo pia waulize kliniki yao kabla ya kuhamia ngano nzima, kwani ina madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa.

Jaribu wiki hii

Chagua jioni moja ya katikati ya wiki. Zile tano za kwanza huenda zikawa na sura ya ramani, lakini mkono huzoea. Chapati ya mafuta iache irudi mahali pake pa zamani, yaani siku ya wageni na sikukuu. Hii kavu iwe ya siku nyingine zote, na iwe ya nyumba nzima: sufuria moja, meza moja, na mgonjwa asijione ametengwa. Mtu aliyeambiwa abadilishe chakula hushika shauri hilo kwa urahisi zaidi anapokula pamoja na wenzake.