Haki za Mgeni Katika Huduma: Funzo Kutoka Dearborn

Mtumiaji si yule anayenunua bidhaa dukani pekee. Mgonjwa aliye hospitalini, mzazi anayemwandikisha mtoto shule na mgeni anayejaza fomu ya ukaazi, wote ni watumiaji, na wote wana haki.

Mji wa Dearborn, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ni mfano mzuri. Viwanda vya magari vya Ford viliwavuta huko wahamiaji kutoka Lebanoni na Yemeni mapema katika karne ya 20. Mwaka 1971, watu waliojitolea walianzisha mjini humo kituo cha ACCESS, ambacho huzisaidia familia za Kiarabu na nyinginezo katika masuala ya afya, ajira, lugha na uhamiaji.

Kikwazo kikubwa kwa familia hizo ni lugha. Chukulia mama asiyejua Kiingereza anakwenda hospitali na bintiye wa miaka 10. Daktari anataja uvimbe. Binti halijui neno hilo kwa Kiarabu, au analijua lakini anaogopa kulitamka. Mama anarudi nyumbani akidhani yu mzima. Ndiyo maana kanuni za sheria ya afya ya mwaka 2010 zinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa mkalimani mwenye sifa, bila malipo, na zinakataza kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa katika dharura.

Mtumiaji aliye katika hali hiyo azingatie yafuatayo:

1. Aombe mkalimani mapema, anapopanga miadi. Akitakiwa kumlipia, aandike tarehe na jina la aliyemwambia, kisha awasilishe malalamiko.

2. Fomu za uhamiaji hupatikana bure katika tovuti ya serikali. Ada, pale inapotakiwa, hulipwa wakati wa kuwasilisha ombi. Hakuna sababu ya kununua fomu tupu.

3. Ushauri wa kisheria kuhusu uhamiaji hutolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mfasiri au wakala wa safari, hata akiwa jamaa, hana ruhusa hiyo.

4. Asitie saini karatasi asiyoielewa, na adai stakabadhi kwa kila malipo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa mtumiaji wa huduma, kuuliza ni haki.