Nguzo ya Mkaratusi: Chunguza Kabla ya Kununua, Usichome Mabaki

Mkaratusi ni jenasi yenye spishi zaidi ya 700, nyingi zikiwa na asili ya Australia. Ni ndugu wa mkarafuu, mpera na mzambarau, kwa kuwa yote ni ya familia moja ya mimea. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mti huu humfikia mlaji kwa sura nyingi: kuni, mirunda ya kujengea, na nguzo za uzio au zizi. Somo hili linahusu nguzo zilizotiwa dawa.

Kwa nini nguzo hutiwa dawa?

Mkaratusi hukua haraka, lakini nguzo yake ikizikwa ardhini bila dawa hushambuliwa na mchwa na kuoza. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua wadudu, na kromiamu huishikiza dawa ndani ya mti. Dawa husukumwa kwa shinikizo katika mtungi mkubwa wa chuma. Kupaka kwa brashi hakuifikishi kina hicho.

Kabla ya kulipa

1. *Tazama ndani.* Dawa hii huacha rangi ya kijani hafifu, lakini rangi ya nje pekee si uthibitisho. Mwombe muuzaji akate nguzo moja. Rangi iwe imepenya sehemu ya nje ya mti, si kubaki juu tu. Kiini hakipokei dawa vizuri, na hiyo si kasoro.
2. *Kagua nyufa.* Mkaratusi hupasuka unapokauka. Ufa mfupi kichwani ni wa kawaida. Ufa mrefu unaofika sehemu itakayozikwa huwafungulia mchwa njia ya kiini.
3. *Pima mwenyewe* urefu na unene kwa futi kamba.
4. *Nunua urefu unaouhitaji.* Ikilazimu kukata, kata upande wa juu. Ncha iliyokatwa huacha kiini wazi, hivyo isizikwe.

Mabaki si kuni

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Moto hauiteketezi aseniki: sehemu yake hutoka na moshi, na nyingine hubaki katika majivu. Kwa hiyo:

- usipikie wala kuota moto wa vipande vya nguzo hizi, hata vikiwa vikuukuu;
- usitumie majivu yake kuhifadhia mahindi au maharage, kusugulia sufuria, wala kurutubishia bustani;
- usiyaache mahali mifugo inapopita. Ng'ombe hupenda kulamba majivu kwa sababu ya ladha ya chumvi, na majivu haya yanaweza kumuua;
- usitengenezee hori, mwiko wala kibao cha kukatia mboga.

Unapokata, funika pua na mdomo, kusanya unga wa msumeno, kisha nawa kwa sabuni kabla ya kula. Mabaki yatunze mbali na kuni za jikoni, na uyatumie tena kama vigingi.

Haki yako

Dai risiti inayotaja idadi, vipimo na kwamba nguzo zimetiwa dawa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukibaini umeuziwa nguzo zilizopakwa rangi tu, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na kipande kilichokatwa; asipokusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.