Tiba Shufaa Karibu na Nyumbani: Somo kwa Daktari wa Familia

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa mwenye maradhi makubwa na kuisaidia familia yake. Haisubiri siku za mwisho. Huanza ugonjwa unapobainika, na huendelea sambamba na tiba nyingine.

Chukulia mama mkazi wa Buzebazeba, mjini Kigoma, mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyoenea. Amepata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kisha amerejea nyumbani. Maumivu yanapomnyima usingizi, anayeitwa si bingwa wa Dar es Salaam, bali daktari au muuguzi wa kituo cha karibu. Asiyefundishwa ataiambia familia, "Hakuna la kufanya tena." Kauli hiyo si kweli.

La kwanza ni kuuliza. Maumivu yako wapi? Huzidi wakati gani? Kwa kipimo cha 0 hadi 10, yamefika ngapi? Mgonjwa aulizwe pia anachokihofia, kwani maumivu huugusa mwili, moyo, jamaa na imani kwa pamoja.

La pili ni dawa. Kwa maumivu makali, mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Dozi huanza ndogo, ikaongezwa taratibu. Dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja nayo. Kusinzia na kichefuchefu mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Saratani hii huweza kuziba njia ya mkojo na kudhoofisha figo. Hapo dozi hupunguzwa na muda kati ya dozi hurefushwa.

La tatu ni kuondoa hofu. Mofini itolewayo kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, na uraibu kwa mgonjwa wa namna hii ni nadra. Jamaa wafundishwe kupima dozi, kuandika saa, kuifungia dawa mbali na watoto, na kujua wa kumwita usiku.

Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kufikia mwaka 2004, sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Elimu ikimfikia mhudumu aliye karibu, mgonjwa hulala usiku akiwa kwake.